PRUDENCE ALIMWAGA CHAKULA CHETU CHOTE

"Mutu asikule! Mwenye atakula, nitamukata!"

Ndugu zangu, aliyesema hivyo hakuwa jambazi. Alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu, kisu cha jikoni mkononi, macho mekundu!

Kabla sijafungua mdomo, akaisukuma sufuria kwa mguu. Pwaaa! Maharage ya kituo kizima yakamwagika mchangani.

Huyo ndiye Prudence. Na asubuhi ile ile mimi ndiye niliyemtetea kwa bosi!

Subirini niwaeleze, msije mkachukua upande bure.

Ilikuwa likizo kubwa ya 2004, Bunia, upande wa Mbunya. Mjini vita imepoa kidogo, vijijini bado inawaka. Mimi Nadège, nasomea ualimu, nikapata kazi ya vakansi katika kituo cha watoto "wagumu". Encadreuse, ndivyo walivyotuita; watoto wao waliniita Yaya, dada mkubwa. Kazi yenyewe ni kushinda na watoto: kucheza nao, kuimba nao, kuwazoesha kukaa na wenzao bila kurushiana mawe. Wengi walikuwa kadogo, watoto waliotoka kubeba bunduki.

Jamani, walinichosha! Ukileta mpira, wanapigana. Ukianzisha wimbo, mmoja anamuuma mwenzake. Nilikuwa narudi nyumbani sauti imekauka, najiuliza ni nani alinituma huko.

Prudence ndiye alikuwa kiboko yao. Hasalimii, hachezi, ukimgusa bega anageuka na ngumi.

Asubuhi ya siku hiyo Papa Floribert, mkuu wa kituo, akatuita wafanyakazi wote ofisini kwake.

"Batoto hawa banatushinda," akasema. "Leo siye bote tunafunga. Tunaomba Mungu, zaidi juu ya huyu Prudence."

"Chef, ameanza kubadilika. Mumupatie wakati," nikasema.

"Akiharibu tena, anarudi kwa mujomba wake ku Boga. Leo leo!"

Nikanywea. Kila mtu pale alijua kwamba mjomba huyo ndiye aliyemkabidhi kwa wapiganaji. Kumpeleka Boga ilikuwa kumrudisha msituni, basi.

Tukafunga. Tukaomba mpaka magoti yakauma.

Mchana Mama Léonie, mpishi wetu, akaanza kuwapakulia watoto. Sisi wakubwa tukasimama pembeni, midomo mikavu, tunawahimiza tu: "Mukule, batoto! Mukule!"

Ndipo Prudence akaruka na kile kisu...

Na akiba hatukuwa nayo! Gari ya chakula ilikuwa imekwama njiani. Wadogo wakaanza kulia. Katoto kamoja, Michée, kakainama kuokota maharage mchangani. Prudence akakapiga kofi la mkono, yakamwagika tena.

Hapo nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuisikia. Njaa inanikata, koo limekauka, na huyu ninayefunga kwa ajili yake ndiye anatufanyia hivi?!

Tulimpokonya kisu. Papa Floribert akapaza sauti.

"Nilisema! Athanase, washa jeep!"

Athanase, dereva wetu, akawasha. Mimi nikamshika Prudence mkono, twende tukachukue nguo zake. Sikuvumilia.

"Nilikukosea nini? Asubuhi nimekutetea!"

Akauvuta mkono wake.

"Prudence, sema!"

"Weye ulijua."

"Nilijua nini?"

"Kama kuko sumu." Akaniangalia bila kupepesa. "Kila siku miye naangalia kama unameza, njo na miye nakula. Leo bakubwa bote hamukukula. Hata Mama Léonie mwenye kupika! Munasema tu 'mukule, mukule'..."

Nikasimama.

"Kule musituni," akaendelea, "miye njo nilikuwa naonja chakula ya komanda. Siku moja bakubwa bote balikatala kukula. Rafiki yangu Grâce alikula. Alikufa."

Weee!

Tulikuwa tunafunga kwa ajili yake... na kufunga kwetu ndiko kulikomtisha! Hakumwaga chakula kwa ubaya. Alikuwa anawaokoa wenzake, na kisu kile kilikuwa cha kuwazuia wasife.

Nikakimbia kwa Papa Floribert, Prudence nyuma yangu.

"Chef, ukule mbele ya batoto! Sasa hivi!"

"Unashikwa na nini, Nadège? Niko mu maombi mpaka saa kumi na mbili."

"Anafikiri kuko sumu! Hakuna mutu alimuelezea kama tunafunga!"

"Ni bongo yake, anadanganya tu. Apande gari!"

Unabishana na ukuta! Na jeep inanguruma pale getini...

Nikachoka na maneno. Nikaenda kwenye sufuria, nikakuta maharage kidogo yamebaki chini. Nikachota kwa mwiko.

"Batoto bote, muniangalie!"

"Nadège, unavunja maombi!" akafoka Papa Floribert.

Nikapeleka mwiko mdomoni...

Mkono ukaupokonya. Prudence!

"Ngoja, Yaya Nadège. Miye kwanza."

Akafumba macho. Akala. Akameza. Kisha akanishika vidole kwa nguvu, akawa anangoja kufa.

Ndugu zangu, niliangua kilio mbele ya watoto wote.

Alipofumbua macho, Papa Floribert alikuwa amesimama karibu yetu. Mzee yule hata malaria haikumfanya avunje maombi. Akachukua mwiko, akakwangua sufuria, akala huku Prudence anamtazama koo.

"Athanase, zima gari," akasema.

Nyinyi mnaolea watoto wa watu, mnaokimbilia kusema "huyu ana pepo", nisikilizeni. Ombeni, sikatazi. Lakini mkalishe mtoto, muulize anaogopa nini. Mweleze unachofanya, hata kama unaona ni cha Mungu na hakimhusu. Wakubwa wazima tulipiga magoti tangu asubuhi, na hakuna aliyeona haja ya kuzungumza na mtoto mwenyewe! Inaniudhi mpaka leo.

Tulimwomba Mungu ambadilishe Prudence, ampe moyo wa kupenda wenzake. Na yeye aliamini kabisa kwamba maharage ya mwiko ule yana sumu, akayala badala yangu.