Kufuli Ndani ya CD

Risasi ya kwanza ililikosa sikio lake kwa unywele mmoja.

Ya pili ikapasua taa ya ngazi.

Nyigu, jasusi wa kike, hakugeuka. Aliparamia ngazi za kiwanda cha CD tatu tatu, bastola ya Beretta mkononi, damu ya mlinzi wa getini ikimkaukia kwenye shati. Aliyemfukuza sasa alikuwa mlinzi wa pili, pandikizi la mtu waliyemwita Nundu.

Juu, Nyigu akajibana nyuma ya mlango. Nundu akaja akihema kama fahali. Nyigu akamsukumia mlango usoni kwa nguvu zake zote. Mfupa wa pua ukalia. Jitu likarudi kinyumenyume, likakanyaga hewa, likabingirika hadi chini.

Halikuinuka.

Redio ya Motorola ikakoroma kiunoni.

"Nyigu, uko wapi?" Alikuwa Mkuu wa Idara ya Ujasusi, bosi wake.

"Ghorofa ya pili. Malori je?"

"Manne, yameshajaa. Yanatoka saa sita mchana. Una dakika kumi na moja."

Wiki mbili nyuma, daktari mmoja alinunua CD ya muziki dukani, kwa halali yake, akaiweka kwenye kompyuta ya chumba cha upasuaji imliwaze akishona. Kasha lilisema CD ina kufuli la kuzuia watu wasiinakili. Halikusema kwamba kufuli hilo hujipenyeza kwenye kompyuta kimyakimya na kuota mizizi. Siku ya tatu kompyuta ikazimika, na mashine ya kupumulia iliyoendeshwa nayo pia. Mama wa watoto wanne akafia mezani.

Hilo lilikuwa jaribio tu. Nakala elfu tatu zilikuwa mikononi mwa watu, laki mbili kwenye malori. Mabwana wa ng'ambo waliomtuma Mhandisi, mtu aliyelibuni kufuli hilo, walitaka Ijumaa, kwa amri moja, hospitali, mitambo ya umeme na mnara wa kuongozea ndege vizimike pamoja.

Nyigu akaupiga teke mlango wa chumba cha mashine.

Mhandisi alikuwa anamsubiri. Bastola yake ikabweka. Moto ukamchoma Nyigu begani, Beretta ikamponyoka. Hakungoja risasi ya pili. Alimrukia, akamvunja kifundo cha mkono wa kulia, bastola ikaanguka sakafuni, akaukandamiza mkono huo kati ya bamba mbili za mashine ya kuchapia CD.

"Namba ya kulifungua kufuli lako kwenye kompyuta."

"Sheria iko upande wangu, dada," Mhandisi alisema, jasho likimtiririka. "Kuvunja kufuli ni kosa. Na kila aliyefungua kasha alikubali masharti. Yameandikwa."

"Kwa herufi kama mayai ya chawa."

"Asiyesoma, shauri yake."

"Mwizi wa nyimbo hanunui, kufuli lako halimgusi. Umemfunga aliyenunua. Na yule mama hata kasha hakuliona."

Akabonyeza kitufe.

Bamba zilikutana. Vidole viwili vilikwenda. Mhandisi alilia, kisha akataja tarakimu sita. Nyigu akazirusha redioni.

Redio ikakoroma tena.

"Si zenyewe!" Mkuu alifoka. "Kompyuta tuliyozijaribia imejifuta yote. Dakika nne!"

Nyigu akamtazama Mhandisi. Kidole kikarudi kwenye kitufe.

"Ngoja! Ngoja!"

Safari hii tarakimu zilikuwa tisa.

"Imekubali," Mkuu alishusha pumzi. "Tunaituma kila hospitali na kila mtambo sasa hivi."

Nyigu alikuwa ameinama kuokota Beretta aliposikia chuma kikikwaruza sakafu. Mkono wa kushoto wa Mhandisi ulikuwa umeifikia bastola.

Nyigu alimpiga risasi mbili za kifua.

Kisha akaichomoa sahani mama, ile iliyozaa nakala zote, akaivunjavunja kwa kisigino. Akashuka mbio, akimruka Nundu.

Lori la kwanza lilikuwa linakata kona kuelekea getini. Risasi nne. Tairi za mbele zikapasuka, lori likalala upande na kuziba njia. Matatu ya nyuma yakafunga breki. Ving'ora vya polisi vilikuwa vinakaribia.

Dereva alitambaa nje kupitia dirishani, mikono juu.

"Usiniue, dada! Mimi nabeba tu!"

"Najua. Keti hapo, usiguse kitu."

Akaketi. Woga ulipompungua, akaona heri aulize.

"Nilipewa moja, zawadi. Kwenye lori inakwama, nyumbani imeua kompyuta ya mke wangu. Hivi hizi CD zina tatizo gani?"

Nyigu aliichomeka Beretta kiunoni, akafunga leso begani kwa meno.

"Hazikutengenezwa zisikilizwe, kaka."

Akapita getini, akavuka barabara bila kuharakisha.