Baba Aliyekataa Kumsainia Shalom

"Sisaini upuzi huo, Fiona! Msichana wa miaka kumi na saba anataka kijiti cha kuzuia mimba, na wewe unamshikia mkono?"

"Amekuja kuniuliza mwenyewe, Baba Shalom. Ulitaka akaulize nani?"

"Wewe si mama yake."

Hapo alinichoma. Nimemlea Shalom tangu mamake afariki, akiwa na miaka mitano. Lakini hapa Texas sahihi ya mama wa kambo si kitu. Kliniki ilitaka ya Mutuku, mume wangu, baba mzazi. Fomu ilikuwa kwa mkoba wangu wiki ya tatu sasa.

Ilikuwa Jumapili, naendesha gari, tumetoka kwetu Lewisville kwenda fellowship ya kanisa letu Grand Prairie. Yeye ndiye angefundisha. Somo? Malezi!

Simu yake ikalia kwa spika za gari. Skrini ikaandika: Fundi AC Katy.

"Usishike hiyo!"

Katy ni mji wa karibu saa nne kutoka kwetu. Kwani ni fundi gani wa viyoyozi wa kukutoa jasho hivyo? Nikabonyeza.

"Baba Chebet, asante kwa kusaini," akasema mwanamke. "Mtoto aliwekwa kijiti juzi, yuko sawa. Ijumaa unakuja?"

"Chebet ana miaka mingapi?" nikauliza kwa upole.

"Kumi na sita... Woi! Nani huyo?"

"Mke wake."

Akakata.

Kumi na sita. Mwaka mmoja tu chini ya Shalom. Kumbe hata marehemu mamake Shalom alichezewa, maskini!

"Fiona, tuongee nyumbani," Mutuku akanong'ona.

"Nenda kwanza ufundishe."

Akasimama mbele ya watu, Biblia mkononi. Nikainua mkono.

"Mwalimu, baba mwenye nyumba mbili, moja Lewisville, nyingine Katy, anatufundisha malezi ya nyumba gani?"

Mchungaji akamgeukia. "Ni kweli, ndugu?"

Mutuku akafunga Biblia. Mambo ya vijiti sikutaja. Wasichana wale hawana makosa.

Alinifuata nje mbio. Nikamwekea fomu juu ya boneti, akasaini bila kusoma.

"Haya, nimesaini. Nisamehe basi."

"Shalom atakusamehe akitaka, ni damu yako. Mimi? Sahau."

Nikawasha gari, nikamwacha hapo hapo.

Jumatatu saa tatu Shalom alikuwa kliniki. Saa tano mimi nilikuwa kwa wakili. Meseji ikaingia: "Mama Shalom, naomba nirudi."

Nikajibu: "Nguo zako ziko nje ya gereji. Zichukue kabla mvua haijanyesha."