Gauni la Macho Mia

Kapteni Kasim alilitupa shati juu ya meza ya kukatia vitambaa. Juzi lilikuwa jeupe. Sasa kola nzima ilikakamaa kwa damu.

"Unajua hii?"

Lakot alilijua. Alilishona mwenyewe, vifungo vya mfupa, mshono wa kwapani mara mbili, kwa ajili ya mchumba wake Wanjala.

"Mkenya yako bado napumua. Jumamosi mimi naoa. Bibi yangu nataka ile gauni ya macho mia. Ikiwa mzuri, wewe nachukua mtu yako. Ikiwa mbaya, tafuta yeye hospitali ya Mulago, kwa maiti."

"Nahitaji vipimo vyake, afande."

"Atakuja Ijumaa, peke yake. Mimi kuona gauni mbele ya harusi, iko mkosi."

Julai ile ya 1976 askari waliwawinda Wakenya Kampala kama panya. Wanjala, karani wa reli, alijificha siku tisa nyuma ya magunia ya unga, katika stoo moja ya soko la Kikuubo, mpaka mtu akamchongea kwa askari.

Na gauni? Lilizaliwa jikoni kwa bibi yake Lakot, huko Kitgum, kaskazini. Bibi alibambua karanga huku akisimulia: chui alimlia kanga vifaranga, basi kanga akajipaka nukta mia za majivu, akamfuata pangoni. Chui akaona macho mia yanamtazama, akakimbia hata leo. Lakot, miaka saba, akachovya kidole jivuni, akajaza nukta kwenye kigauni chake cha pekee. Alichapwa, hakuacha. Sasa wake wa wakubwa walipanga foleni dukani kwake kwa nukta zile, zilizogeuka shanga nyeupe juu ya hariri ya bluu nzito.

Ijumaa mchana aliingia Sitti, msaidizi aliyeshona naye kwa miaka minne.

"Umechelewa kazini. Bibi harusi yuko njiani."

"Ndiye mimi, dada."

Lakot alimtazama, akamvisha gauni alilolishona kwa kukadiria. Akaanza vifungo vya mgongoni, kimoja kimoja.

"Chakula cha Wanjala ulipeleka wewe. Stoo ile haikujulikana na mwingine."

"Miaka minne nashona shanga, vidole vimeota sugu. Wateja wakiuliza kashona nani, unasema 'mimi'. Kasim aliniuliza jina langu."

"Ukamtajia la Wanjala."

Kifungo cha kumi na nane kilipofungwa, Lakot alimkamata nywele, akambamiza ukutani, akamkandamizia mkasi shingoni. Damu ikateleza hadi kwenye shanga.

"Mpigie bwana wako."

Simu nyeusi iliachwa na tajiri wa Kihindi aliyefukuzwa. Sitti alizungusha namba. Lakot akainyakua.

"Afande, bibi yako ninaye, mkasi uko kooni. Mlete Wanjala."

Kicheko kilisikika chumba kizima.

"Chinja. Wasichana iko mingi. Mimi nakuja kuchinja wewe."

Simu ikakatwa. Sitti aliteleza ukutani hadi sakafuni. Lakot akashusha mkasi.

"Amesema wasichana wako wengi," Sitti alinong'ona.

"Nimesikia."

"Wanjala yuko bandarini Port Bell, ghala la mwisho kabla ya gati. Walinzi wananijua. Twende kwa mlango wa nyuma, dada, kabla hajafika hapa."

Mlangoni pa ghala Sitti alisimama na gauni lake, kitambaa kikiwa kimefungwa shingoni.

"Mleteni yule Mkenya. Kapteni anamtaka."

"Sisi hatujaambiwa, mama."

"Umeambiwa na mke wake. Au nimwambie umenibishia?"

Wakamtoa. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, meno mawili hayapo. Nyuma ya ghala, walinzi wasikoona, Lakot alimbeba nusu, wakapanda behewa la pamba lililokuwa likisukumwa kuingia kwenye meli ya Kisumu.

"Sitti, panda," Lakot akamnyooshea mkono.

"Nikipanda, walinzi watajua. Nendeni."

Gari la Kasim, aliyekuta duka tupu, liliingia likivuma. Akashuka, akaona gauni, hakuuliza neno. Risasi tatu, Sitti akaanguka. Lakot alijirusha mlangoni pa behewa. Wanjala akamdaka kiunoni, wakaanguka juu ya marobota.

Meli ilipoachana na gati, Wanjala alitema damu.

"Yule ndiye aliyewaonyesha askari nilipo."

"Ndiye."

"Umemsamehe?"

"Leo mchana nilimkata shingoni, Wanjala. Yeye hakuniuliza kitu, alijifunga kitambaa mwenyewe akasema twende." Akamfuta mdomo kwa kiganja. "Tukifika Kisumu, mtoto wetu wa kwanza ataitwa Sitti. Ukikataa, shuka."

"Nishukie wapi, ziwani?" Wanjala akamlalia begani. "Ataitwa Sitti."