Aliyeweka Betri Kwenye Chaja

Kila asubuhi, kabla ya chai, mfamasia mstaafu alikuwa akifungua kufuli la banda lake la useremala, akichomoa betri nyekundu kwenye chaja na kubonyeza kitufe chake mpaka taa zote nne ziwake. Kisha aliipachika kwenye keekee, mashine ya kutobolea mbao, na kuizungusha hewani mara mbili, ngrr, ngrr, kama mtu anayesafisha koo. Mkewe aliyekuwa jikoni akiisikia sauti hiyo ndipo alipotia majani kwenye maji.

Jumanne ile mkewe alisubiri sauti hiyo mpaka maji yakapungua nusu sufuria.

Bandani, rafu ya juu ilikuwa tupu. Keekee nyekundu, msumeno mwekundu, mashine ya msasa, betri mbili na chaja yake, vyote havikuwepo. Kufuli lilikuwa zima. Ufunguo ulikuwa mahali pake pa siku zote, juu ya friji, ndani ya kikombe kilichovunjika mkono.

Inspekta alifika saa tatu pamoja na konstebo wa alama za vidole. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo kiasi kwamba mashahidi walilazimika kumsogelea ili wamsikie, na wakishamsogelea walijikuta wamesema mengi kuliko walivyopanga.

Mfamasia hakuhitaji kusogezwa. Alikwisha kata shauri. Jana, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, yeye na mkewe walikuwa kliniki ya macho, na nyumbani alibaki mlinzi peke yake. Alikwisha pigia simu kampuni ya ulinzi, nayo ikaahidi kumwondoa mlinzi huyo saa kumi jioni na kumleta mwingine. Miaka tisa alikuwa amekaa getini pale.

"Inaniuma," alisema mfamasia. "Lakini kikulacho ki nguoni mwako."

Mlinzi alikuwa ameketi kwenye benchi lake, sare imenyooshwa pasi. Chupa ya chai na redio yake ndogo alikwisha vitia kwenye mfuko.

"Jana mchana aliingia mgeni gani?" inspekta aliuliza.

"Hakuingia mgeni, afande. Daftari hili hapa."

"Na asiye mgeni?"

Mlinzi alitazama viatu vyake.

"Ukinyamaza, saa kumi unaondoka."

"Najua."

"Una watoto?"

"Watatu. Wa mwisho ndiyo kwanza ameanza shule."

"Basi sema."

"Afande, mimi nililetwa hapa kulinda geti. Sikuletwa kugombanisha watu."

Inspekta aliliandika jibu hilo neno kwa neno, akalipigia mstari chini, akaelekea bandani.

Kwenye rafu ya chini zilikaa mashine za zamani, za rangi ya buluu, zimefunikwa na vumbi la mbao. Mwizi hakuzigusa. Lakini chaja yao ilikuwa imechomekwa ukutani, na taa yake ya kijani ilikuwa imetulia bila kupepesa. Juu yake ilikaa betri ya buluu, imejaa.

"Hizi umezitumia lini mara ya mwisho?"

"Tangu ninunue nyekundu sijazigusa. Miezi mitatu."

"Nani basi ameiweka betri hii ichajiwe?"

Mfamasia alikuna kidevu. Si yeye. Mkewe pia, ambaye aliliogopa banda lile kwa sababu ya kelele zake, alisema si yeye. Konstebo aliinama na brashi yake ya unga. Juu ya vumbi la chaja kulikuwa na alama mpya za vidole, tena safi.

"Afande," alisema, "mwizi anaiba, halafu anamchajia mwenye mali betri. Huyu ana huruma kuliko watu wa umeme."

Inspekta hakucheka. Aliomba aitwe mtu anayezijua mashine zile, naye akaja mkwe wa mfamasia wakati wa mapumziko ya mchana, fundi mitambo wa kiwandani, mikono ikinuka grisi. Yeye ndiye aliyemshauri mzee anunue nyekundu. Mota yake haikuwa na brashi za ndani za kulika, ilikuwa nyepesi kwa mkono wa mtu mzima, na spea zake zilipatikana.

"Betri ya buluu inaweza kuingia kwenye mashine nyekundu?"

"Hata ukiipigia magoti, haiingii. Kila kampuni ina mdomo wake. Ndiyo maana ukinunua keekee moja ya betri hujanunua keekee, umeoa ukoo mzima. Kesho utataka msumeno, keshokutwa mashine ya msasa, na wote watakuja kula kwenye betri ileile."

"Na ukoo huu wa buluu aliuchagua nani?"

Mkwe alisema huo ulikuwapo kabla hajaoa. Mzee na mdogo wake, ambaye familia nzima ilimwita Kipimo kwa sababu hupima ubao mara tatu na bado akaukata mfupi, walikaa miezi miwili wakilinganisha makaratasi ya maduka. Wala hawakuwa mafundi wa kuuza kitu. Walitaka kujifurahisha tu. Wakakubaliana kaka anunue keekee na mashine ya msasa, mdogo anunue msumeno, na betri tatu wazizungushe kati ya nyumba mbili.

"Siku hizi Kipimo anakuja?"

"Hatumwoni. Labda amechoka na mbao."

Inspekta alimgeukia mfamasia. "Mlipokuwa mkizungusha betri, nani alikuwa na kazi ya kuzichaji?"

"Anayetoka bandani mwisho huiacha betri kwenye chaja, mwenziwe aikute imejaa. Ndiyo sheria yetu." Alipotamka neno "yetu" alisita. Akaitazama ile taa ya kijani. "Haiwezekani," alisema.

Kipimo alikaa mtaa wa nyuma. Walimkuta barazani amepiga goti mbele ya stuli yenye miguu mitatu. Mguu wa nne ulikuwa bado ubao, na msumeno wa buluu umelala juu yake.

"Umeianza lini stuli hii, mzee?"

"Wiki ya tatu sasa."

"Mbona haiishi?"

"Nina betri moja, binti yangu. Ikizima nasubiri saa nzima."

"Zamani ulikuwa ukisubiri?"

"Zamani nilikuwa nakwenda kwa kaka, nabadilisha."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Hapahapa."

"Kwenye chaja ya kaka yako kuna alama za vidole. Nitakuta ni za nani?"

"Zangu zimejaa bandani mle. Rafu zile nimezipigilia kwa mikono hii."

"Hizi ziko juu ya vumbi la miezi mitatu."

Kipimo alichukua rula, akapima ubao ambao alikwisha upima.

"Saa kumi mlinzi anafukuzwa," inspekta alisema taratibu.

Rula ilishuka. "Mlinzi amefanya nini?"

"Alikuona, akanyamaza."

Mzee aliingia chumbani na kutoka na begi. Kila mashine ilikuwa imeviringishwa kwenye kipande cha shuka, na waya wa chaja umefungwa vizuri kwa uzi. Mtu asiyejua angedhani ni zawadi.

"Nimechukua mimi," alisema. "Andika."

"Kwa nini?"

"Andika nilitaka kumwokoa na hasara. Betri za nyekundu ni ghali. Nguvu ile yote ya nini kwa mtu anayetengeneza stuli? Buluu inamtosha."

Inspekta alifunika kalamu yake. "Hayo ni matangazo ya duka, mzee. Siyaandiki. Na ile betri uliyoichomeka?"

"Nilifika getini nikaona nimemwacha mikono mitupu. Nikarudi."

Walifika kwa mfamasia saa tisa na nusu. Mlinzi mpya alikwisha kuja, amesimama kando na kofia mpya, hajui ashike nini. Kipimo alimwendea kwanza yule wa zamani, akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kumwomba radhi. Mfamasia naye akaipigia kampuni simu, akasema amekosea. Kisha akamwomba mlinzi msamaha, naye akasema yamekwisha, akatoa redio yake kwenye mfuko na kuirudisha benchini.

Bandani, konstebo alimwuliza inspekta kwa macho kama atoe pingu. Inspekta alitikisa kichwa, asubiri.

Mfamasia aliufungua mzigo, akaifunua keekee. "Bwana mdogo, ungesema unazitaka. Ningekununulia zako."

"Sizitaki."

"Basi chukua betri zote za buluu, umalize stuli yako. Hapa zinashika vumbi tu."

"Hivyohivyo ndivyo ulivyoniambia siku ile uliponunua nyekundu," Kipimo alisema. "Chukua zote. Kama mtu anayegawa sufuria iliyotoboka."

"Nilidhani nakusaidia."

"Miezi miwili tulichagua pamoja, kaka. Hizi nyekundu ukachagua na mkwe. Mimi nikaja kuziona ziko rafuni, rafu niliyoipigilia mimi."

"Yeye anazijua mashine."

"Anazijua. Ndiyo inayoniuma." Alikaa juu ya kigogo, mgongo umejikunja. "Wala zamani betri yangu haikuwa ikiisha yenyewe. Nilikuwa nauwasha msumeno barazani, nauacha uzunguke bure mpaka uzime, nipate sababu ya kuja."

"Tangu lini ndugu akahitaji sababu?"

Kipimo alifuta uso kwa kiganja chenye unga wa mbao, ukabaki kwenye nyusi. Inspekta aliifunua kalamu yake, lakini hakuandika.

"Namwonea wivu mkwe wako," alisema Kipimo. "Mtu mzima na mvi zangu, namwonea wivu kijana wa watu. Usinipe betri, kaka. Ukitaka kuchagua kitu, niite mimi kama unavyomwita yeye."