Aliyehama Bila Kuaga

Mpwa wangu tulimwita Profesa, na si kwa heshima. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hesabu alizijua. Adabu ndiyo ilimpita kushoto.

Mimi ni karani wa ndaki ya ualimu katika chuo kikuu alichosoma. Jumatatu moja asubuhi, chai yangu iko mezani, akaja akipunga barua. Amekubaliwa kuhamia ndaki ya uhandisi, ng'ambo ya uwanja, chuo kilekile.

"Hongera," nikamwambia. "Lete fomu nikusainie, nikukate kwenye daftari." Utaratibu ndio huo: unakokwenda wakupokee, unakotoka wakuachie.

Akacheka. "Mjomba, niwaage walimu? Kwani nilikuwa nasoma hapa, au nilikuwa nasubiri mvua ipite?"

Akaenda zake. Ningeweza kumfuata. Nikasema moyoni, nenda, kichwa maji wewe, utakuja kunipigia magoti. Jina lake nikaliacha daftarini kwa makusudi.

Wiki ya tatu karatasi za mahudhurio zikaletwa, na Profesa amesaini. Kila siku. Nikadhani ni wenzake wanafanya utani, maana vijana wale nao hawana kazi. Ndipo mhadhiri wao akapita ofisini.

"Mpwa wako amebadilika siku hizi," akasema. "Anakaa mbele, ametulia. Ila haandiki kitu."

Nikaenda kuchungulia. Saa nne asubuhi, jua linawaka. Kwenye kiti cha mbele kabisa nikaona kisogo chake, na masikio yale yaliyotokeza kama vishikio vya sufuria. Nikampigia simu. Akapokea papo hapo. Yule wa kitini hakusogea.

"Uko wapi?" nikanong'ona.

"Karakana ya uhandisi." Sauti ilikuwa nyembamba. "Mjomba, huku hawanioni. Wakiita majina wananiruka. Jana mtu amenikalia. Amenikalia, mjomba, na mimi nimo kitini! Nikate huko kwenu. Nakuomba."

Darasani, yule akageuza shingo. Polepole. Akanitazama.

Nilikimbia. Mtu mzima, na kitambi changu, nilikimbia. Ofisini nikafungua daftari. Nikashika kalamu. Nikaliona jina.

"Shikamoo, mjomba."

Yule wa darasani amesimama mbele ya meza, mikono nyuma, kichwa ameinamisha. Tangu mpwa wangu aanze kusema, sikuwahi kuipata salamu hiyo. Marahaba ikanitoka yenyewe. Na mimi, mpumbavu kuliko wote niliowahi kuwacheka, nikaiweka kalamu chini.

Jumamosi mchana nilikuwa kwa dada yangu, mama yake Profesa. Yule alikuwa jikoni anaosha vyombo bila kuambiwa. Dada alijaa furaha, akasema kumbe chuo kinafunza hata tabia. Kisha akasogea karibu, akaniambia kwamba siku ya nne hiyo mtoto hajatia kitu mdomoni.

Mlango ukagongwa.

"Mama. Ni mimi. Fungua."

Sauti ya Profesa, imekauka. Jikoni, maji yakaacha kumwagika.

Dada akanishika mkono. "Kaka," akanong'ona, "nani huyo?"

Nilijua. Nyumba nzima, ni mimi tu niliyejua. Neno moja tu lingetosha, na mtoto wa dada yangu angeingia kwao. Lakini mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na yule alikuwa amesimama pale na kitambaa mkononi, anangoja nijibu.

"Hakuna mtu," nikasema.

Hakugonga tena. Hatukusikia hatua zikiondoka. Nilipopata ujasiri wa kufungua, kizingitini palikuwa na viatu vyake, kamba zimefungwa, na ndani bado vina joto la miguu.

Dada aliviokota, akavipakata kifuani. Mpaka leo hajaniuliza kitu, wala hasemi na mimi.