Mashine Isiyo na Mwenyewe

Mashine ya kompyuta pale kituoni Kibaha, mwaka 1983, ilikuwa moja tu, na skrini zake tatu zilitumiwa na watu kumi na wawili, wote wakiiogopa kidogo, kama mkwe. Kila asubuhi Laurensia, karani wa mashine, alichapa orodha ya programu zote na majina ya wenyewe. Jumanne ile, mbele ya programu ya kufungulia, ile inayokuuliza jina kabla hujaanza kazi, palikuwa na jina lisilo la mfanyakazi yeyote: Kinyamkela.

Akacheka. "Fabian, nani huyu kaajiriwa hata chai hatujamnywesha?"

Mumewe, fundi wa mashine, hakucheka. Alikuwa mtu wa kuja, lakini miaka minne ya kuishi Uzaramo inatosha kukufundisha kwamba Kinyamkela ni jini la mapango ya miti, na kwamba halivunji mlango wa mtu. Huhamia pasipo na mwenyewe.

"Nani kaigusa programu hii?" akanong'ona.

"Si wewe uliyeiacha wazi?"

Kweli. Watengenezaji waliagiza programu za mashine yenyewe ziwe na mwenyewe mmoja. Wengine wazitumie, wasizibadilishe. Lakini mkuu wa kituo, Ndugu Mwinshehe, alikuwa ametoka semina, na mtu aliyetoka semina ni wa hatari kuliko aliyetoka jela. "Umilikaji wa mtu binafsi, ndani ya mashine ya umma? Futa jina hilo!" Fabian akafuta. Alikuwa anasubiri kupewa nyumba ya kazi, na anayesubiri nyumba habishi.

Saa nne karani Ponsiano aliketi mbele ya skrini, akaandika jina lake. Pakanuka nywele zinazoungua. Kichwa chake kikavutwa nyuma taratibu, kama mtu anayekagua dari, kisha kikabamizwa kwenye vitufe, mara moja, mara mbili, mpaka meno yakabaki katikati ya herufi.

Fabian akarukia skrini ya pili aifute programu ile. Mashine ikamjibu kuwa hana ruhusa. Ruhusa ni ya mwenyewe. Akarudia amri, kidole cha shahada kikavunjika kama kijiti, na hakuna aliyekigusa; akatumia kingine, nacho kikavunjika, na cha tatu, mpaka mdomo wake ukafunguka na sauti isiyo yake ikasema kwa upole, "Nimekuta nyumba haina mtu. Nimehamia."

Landrova ya ofisi ikakimbia Kisarawe kumchukua mganga, Bi Mwanakheri. Alipofika saa nane, Fabian alikuwa amebandikwa ukutani, miguu haigusi sakafu, shingo imebanwa na mkono usioonekana, uso umekuwa wa zambarau.

"Shikamoo bibi, anakufa," Laurensia alinong'ona.

"Marahaba. Mwenye chombo hiki nani?"

"Ni cha wananchi wote," akasema Ndugu Mwinshehe.

"Wako wapi, niwaone?"

Ndugu Mwinshehe akatazama mlangoni.

"Mwanangu, mimi humtoa mgeni kwa niaba ya mwenye nyumba. Huyu nimtoe kwa jina la nani? Lako?"

"Hapana, bibi! Mimi mtumishi tu. Si changu hiki."

Hakumaliza. Alinyanyuliwa kwa kola akarushwa dirishani pamoja na vioo, akaanguka nje kwa kichwa, akazimia.

Laurensia akakimbilia kabati lenye tepu ya watengenezaji, yenye programu za awali, mtambo wa kuchapia ukamdaka nywele na kuanza kumvutia kwenye meno yake ya chuma, naye akajivuta, ngozi ikachanika, akajivuta tena akaacha kipande cha kichwa chake mle ndani, akaizima mashine, akaiwasha upya kwa tepu ile huku damu ikimwingia machoni, na mashine ilipouliza mwenye programu hizi ni nani, mdomo wa mumewe ukamnong'oneza, "Andika, mama. Kila baya litakalotoka humu litatoka kwa jina lako."

Akaandika: Laurensia. Akazifunga, asiziguse mwingine.

"Sasa sema," akahimiza Bi Mwanakheri.

"Ni yangu. Toka!"

Fabian akaanguka kama gunia la mihogo, akavuta pumzi. Harufu ya nywele zinazoungua ikatoka nje kupitia dirishani.

Kisha vioo vikalia nje. Ndugu Mwinshehe, aliyelala pale hajitambui, hana wa kumsemea, alikuwa anasimama. Kichwa kimelalia begani kama cha kuku aliyenyongwa. Akaja mlangoni, akagonga kwa adabu.

"Hodi."

Laurensia, kwa malezi, akafumbua mdomo. Bi Mwanakheri akamziba. "Usimwitikie. Penye mwenyewe hawezi kuingia bila kukaribishwa."

"Hodi."

Fabian aliuma mkono wake usiovunjika vidole asipige kelele.

"Hodi." Ya tatu. Akangoja kidogo, akageuka kistaarabu, akashika njia ya Misugusugu huku akiburuta mguu, kuelekea kwenye nyumba ambazo mchana ule milango yote ilikuwa wazi.

Bi Mwanakheri akatoka mbio, akipiga kelele watu wasijibu. Lakini magoti yake yalikuwa ya miaka sabini, na hodi ilikwisha kupigwa nyumba ya kwanza.

Sauti ya mwanamke ikaitika kutoka uani, changamfu: "Karibu! Pita ndani, ndugu yangu."