Magari Mawili Yasiyonguruma

Alawiya ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Haya yalimpata yeye na mumewe Taha na binti yao Jana, na mwisho wake niliuona mimi kwa macho yangu, nimesimama mlangoni kwangu na sahani ya kaimati mkononi. Wako wanaosema tulipigwa na jua siku ile. Wacha waseme.

Ilianza kwa jambo la furaha. Gari lao la dizeli lilikuwa limezeeka. Lilinguruma hivi kwamba likipinda kona ya kwao Ganjoni, majirani wa ghorofa ya juu walijua Taha anarudi kazini. Ndani yake watu walizungumza kwa kupiga kelele. Taha kazi yake ni kutoa mizigo ya watu bandarini, na huko ndiko alikoyaona magari ya umeme yakiteremshwa, makubwa, ya familia, yanaondoka kimya kama paka. Yakamwingia moyoni.

"Tununue moja," akamwambia mkewe. "Tumpakie mama na mizigo, twende Malindi bila kusimama kutia mafuta."

Alawiya akakubali, lakini yeye hanunui kitu bila kukilinganisha na chengine. Hata leso huzikunjua maduka mawili kabla ya kutoa pesa. Basi Ziad, jamaa yao anayeuza magari, akawachagulia mawili. Moja la bluu, viti saba, lilikuwa limetumika Japani. La pili jeupe, viti vitano, jipya kabisa, viti vyake bado vimevikwa nailoni. La bluu lilikuwa na nafasi. Jeupe lilikwenda mbali zaidi kwa chaji moja, tena lilikuwa limeinuka, mvua za masika zikifurisha barabara lisingenywa maji. Wiki nzima Alawiya alikuwa akinipigia simu.

"Dada, na lipi litapita kwenye mtaa wako?"

Mimi nakaa Kibokoni, Mji wa Kale, ambapo kuta zimekaribiana. Nikamwambia, "Yaleteni tuyaone." Laiti ningenyamaza.

Jumamosi asubuhi walianza na la bluu. Taha akashika usukani, Ziad kando yake, Alawiya na Jana nyuma. Taha akabonyeza kitufe, akangoja.

"Mbona haliwaki?"

"Limewaka kitambo, Bwana Taha," Ziad akacheka. "Twende."

Wakaenda. Alawiya aliniambia raha ile hakuwahi kuionja. Kiyoyozi kinapuliza, na kokoto zinasikika zikivunjika chini ya magurudumu. Alipenda buti lake. Alipenda kile kioo kikubwa cha mbele. Jana alikuwa amejibana mlangoni, kama afanyavyo siku zote, ameacha nafasi ya mtu kati yake na mamake.

Karibu na Feri walikuta foleni, wakasimama. Gari likatulia tuli.

"Tumefika?"

Sauti ilikuwa ndogo na kavu. Alawiya hakugeuka hata.

"Bado, mwanangu."

"Sijasema kitu, Mama," Jana akajibu.

Foleni ikasogea kidogo, ikasimama tena.

"Tumefika?"

Safari hii Alawiya alikuwa akimtazama Jana usoni. Midomo ya mtoto ilikuwa imefumbwa. Akainua macho kwenye kioo cha dereva, akakutana na macho ya Taha. Naye alikuwa amesikia. Ziad akanyoosha mkono kuzima redio.

Redio haikuwa imewashwa.

Walirudisha gari kwenye yadi ya Ziad. Huko Taha akampandishia sauti. "Umetuletea gari walimofia watu!" Ziad akala kiapo kwamba hajui. Ikawa hakuna tena cha kulinganisha. Gari lililokaliwa na wengine, nani ajuaye lilibeba nini huko lilikotoka? Watachukua jeupe. Jeupe halijawahi kukaliwa na mtu. Alawiya akanipigia simu jioni, akanieleza yote, kisha akacheka, lakini kicheko chake kilikatika njiani. "Kesho alasiri tutakuja nalo kwako," akasema. "Ukiliona utalipenda."

Kesho yake alilikagua lile jeupe kama anayekagua nyumba ya kupanga. Akafungua milango yote. Akachungulia chini ya viti. Harufu ya upya ilikuwa kali ndani. Nailoni ilikuwa haina hata kunyanzi.

"Bi Alawiya, hapa hajaketi mtu," Ziad akamwambia. "Wewe ndiye wa mwanzo."

Akaingia, akaketi. Nailoni ikalia chini yake. Jana akaingia upande wa pili, akajibana mlangoni. Nailoni ikalia.

Kisha ikalia tena. Katikati yao. Polepole, kama mtu anayejisogeza apate pa kukaa vizuri.

Alawiya akashika kitasa cha mlango. Gari lilikuwa limeshatoka. Walipita Buxton. Wakaingia mjini, magari mbele, magari nyuma. Taha akasimama kumpisha mkokoteni.

"Tumefika?"

Alawiya akatazama kiti. Nailoni katikati ilikuwa imebonyea. Imebonyea kwa umbo la mtu mwembamba aliyeketi.

"Jana," akanong'ona. "Nani huyu?"

"Bibi," mtoto akasema, kama anayetaja jirani. "Wa gari letu. Siku zote hukaa hapa, Mama. Huwa hamumsikii, gari letu lina kelele."

Mbele, Ziad alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini. Taha jasho lilimtiririka shingoni na kiyoyozi kinapuliza.

"Taha," Alawiya akasema. "Si gari. Si lile la bluu wala si hili. Tuko naye sisi."

Taha akaukamata usukani kwa mikono miwili. Fikra yake ilikuwa moja tu, kumtoa mtoto mle ndani, na nyumba ya karibu aliyoijua ilikuwa yangu. Akapinda kuingia Mji wa Kale. Njia ikawa nyembamba. Kioo cha ubavuni kikakwaruza ukuta. Hakujali.

"Mama," Jana akasema. "Ameniambia tukifika nishuke naye."

"Mwambie hapana."

"Amenishika."

Alawiya akaangalia. Mkono wa mtoto ulikuwa hewani. Vidole vilikuwa vimebanwa pamoja, vyeupe, na hakuna aliyevibana.

Mimi nilikuwa nje nawangojea. Gari lilitokeza konani bila sauti, likanijia mpaka mbele ya baraza langu. Nikatabasamu. Kisha nikauona uso wa mdogo wangu nyuma ya kioo, tabasamu likanitoka. Upande wake ukuta ulikuwa umeubana mlango. Mlango wa Jana ulielekea kwangu.

Likasimama.

Sikuisikia sauti ile. Niliisikia ya Alawiya, imepenya vioo vyote:

"Tumefika! Ndipo hapa! Shuka! Shuka peke yako!"

Nilidhani anamwambia mtoto. Mlango ukafunguka. Taha ataapa mpaka leo kwamba ulikuwa umefungwa kwa kitufe chake, na Ziad aliona taa ya kufuli ikiwaka. Ukafunguka taratibu, wote, kama unaofunguliwa na mtu mwenye adabu. Na Jana akaanza kutoka. Hakutoka kwa miguu. Mkono wake ulitangulia, umenyooka, na mwili ukafuata, ukakwama kwenye mkanda.

Sahani iliniponyoka. Nikamkumbata kiunoni. Alawiya akamshika mguu kutoka ndani. Mtoto hakulia. Alikuwa akitazama nyuma ya bega langu, mlangoni kwangu, na mkono wake ukivutwa huko huko. Nilisoma nilichokikumbuka. Nilisoma vibaya, nikarudia. Alawiya akawa anasema neno moja tu. "Peke yako. Peke yako. Peke yako."

Ghafla mkono ukaanguka.

Kitu kikanipita. Sikukiona. Nilisikia ubaridi wa nguo ukinigusa shavu, na harufu ya nguo zilizokunjwa sandukuni kwa miaka.

Kisha Jana akalia, kilio cha kawaida cha mtoto aliyeumia, nasi sote tukalia naye pale njiani, Ziad pia, kaimati zimetapakaa chini ya gari.

Walilinunua lile jeupe. Watu hushangaa, lakini Alawiya alinambia, "Dada, angekuwa yumo, tungemsikia." Walikwenda nalo Malindi na kurudi, foleni zote, kimya kitupu. Jana sasa huketi katikati, amejinyoosha, miguu juu ya mapaja ya mamake. Alama za vidole mkononi zilififia. Lile la dizeli Taha aliliuza kwa vyuma. Kila Ijumaa wananiletea chakula, na wakija hawaingii ndani. Hushukia konani, wakaita.

Alawiya hajaniuliza kitu, nami sijamwambia. Nyumba hii ni ya marehemu mume wangu, sina pengine pa kwenda.

Baraza langu ni la mawe. Alfajiri nikifungua mlango huwa la baridi, lina umande. Tangu siku ile, kila nikilipangusa, nakuta mahali pamoja pakavu, karibu na kizingiti, upana wa mtu mwembamba. Nikiweka kiganja, pana joto. Joto la aliyeondoka sasa hivi. Nimelizoea, au nilijiambia nimelizoea.

Leo baraza lote lilikuwa na umande. Nikashusha pumzi, nikamshukuru Mola, nikafunga mlango nirudi juu. Nilipanda ngazi miguu mitupu.

Kipandio cha kwanza kilikuwa na joto.